Darasa Lililofumba Macho

Radi ilipopiga Darasa la Pili B, watoto wote walikuwa wamefumba macho. Hilo ndilo lililosemwa hata kabla maiti haijafika nyumbani, ndilo lililosemwa msibani, na ndilo lililofika Itetemia na sokoni Tabora mjini kwa vinywa vya watu ambao hawakuwahi kuiona shule yenyewe. Mwalimu aliwafumbisha watoto macho, akawanyamazisha, kisha radi ikashuka. Aliyesikia alitikisa kichwa tu. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Mwalimu huyo aliitwa Levina. Alikuwa mzaliwa wa Bukene, binti wa wakulima wa mpunga, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kidogo aliyekuwa akiishi peke yake katika chumba cha kupanga karibu na shule. Shule ilikuwa upande wa Ntalikwa, madarasa ya matofali ya kuchoma na mabati, kando ya njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo siku hizi ni barabara ya vumbi ya baiskeli na bodaboda, lakini miembe yake mikubwa bado imesimama kwa mstari, ile ambayo watu husema ilichipuka kutokana na kokwa walizotupa wapagazi.

Darasani kwake kulikuwa na watoto zaidi ya tisini. Mwaka wake wa kwanza aliwafundisha kwa sauti, sauti ikamkauka. Akashika fimbo, akaona fimbo inawaliza walio mbele huku walio nyuma wakiendelea kupigana vikumbo. Alikuwa akirudi chumbani saa za mchana na kulala kifudifudi bila kula, akijiuliza kama kuna kazi nyingine anayoiweza.

Ndipo alipopelekwa kwenye semina ya walimu mjini. Siku ya mwisho mwezeshaji mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa na ukimya wa ajabu, aliwaambia walimu waweke kalamu chini, wafumbe macho na kuisikiliza pumzi yao wenyewe. Walimu walicheka. Levina hakucheka. Alipofumbua macho alikuta mashavu yake yamelowa, wala hakujua machozi yametoka saa ngapi.

Akaipeleka darasani. Hakuipa jina kubwa, aliiita kutulia. Mkono mmoja tumboni, macho yamefumbwa, mdomo umefungwa. Sikiliza pumzi inavyoingia. Sikiliza inavyotoka. Tumbo linaumuka kama unga wa maandazi, kisha linashuka. Likija wazo la kumfinya jirani, liache lipite kama baiskeli barabarani, usipande. Wiki za kwanza zilikuwa vurugu tupu. Baadaye, polepole, chumba kile kikaanza kunyamaza kila asubuhi, unyamavu ambao hata mwalimu mkuu, Mwalimu Wenceslaus, alikuja kusimama mlangoni kuushangaa. Watoto wakaupenda. Wakirudi kutoka kunywa uji walikuwa wakidai wenyewe: “Mwalimu, tutulie!”

Recheli alikuwa mmoja wao, mtoto wa miaka minane, binti wa Amon na Martha, familia ya Kimoravian iliyoishi kando ya barabara na kulima karanga na tumbaku nyuma ya shule. Alikaa dawati la dirishani na rafiki yake Kabula. Recheli hakuweza kufumba macho yote mawili. Kila wakati Levina alilikuta jicho moja limeachwa wazi kidogo, linachungulia, na chini yake kitabasamu. Alikuwa akimwacha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Levina alilisema bila kulipima. Siku fulani ya kiangazi upepo ulitikisa mabati mpaka watoto wakaogopa, naye katika kuwatuliza akawaambia, “Ukitulia, hakuna kitu kitakachokupata.” Maneno yalifanya kazi. Akayarudia siku nyingine, na nyingine, mpaka yakawa sehemu ya zoezi lenyewe. Watoto waliyaimba pamoja naye.

Mvua za kwanza zilichelewa mwaka ule. Zilipokuja, mwanzoni mwa Novemba, zilikuja kwa hasira. Siku yenyewe wingu lilipanda kutoka magharibi baada ya uji, jeusi, likaleta giza darasani kiasi kwamba ubao haukusomeka. Ngurumo ya kwanza ilipolia, mtoto mmoja alianza kulia, na kilio kikaruka dawati hadi dawati. Levina alisimama katikati yao. Angeweza kuwasogeza mbali na nondo za madirisha. Angeweza kufanya mambo mengi ambayo baadaye aliyafikiria yote. Alifanya lile alilolijua.

“Tutulie,” alisema. “Mikono tumboni. Macho.”

Walifumba. Vilio vikapungua, vikawa kwikwi. “Ukitulia,” akaanza, nao wakaitikia kwa sauti moja ndogo, “hakuna kitu kitakachokupata.”

Kilichofuata Levina hakuwahi kukieleza vizuri. Weupe ulijaa chumbani, na kishindo kilichokuja nao kilimtupa ukutani. Alipopata fahamu, masikio yake hayakuwa yakisikia chochote. Aliona vinywa vya watoto viko wazi bila sauti. Aliona vumbi likishuka darini na moshi mwembamba ukitoka kwenye fremu ya dirisha. Watoto wa upande ule walikuwa wamelala juu ya madawati na chini ya madawati. Wengi walikuwa wakijikokota. Recheli alikuwa amemwegemea Kabula begani kama mtu aliyesinzia, na mkono wake ulikuwa bado tumboni.

Wenceslaus na walimu wengine waliwatoa watoto mmoja mmoja kwenye mvua. Waliojeruhiwa walipelekwa hospitali kwa bodaboda na kwa gari la mfanyabiashara mmoja wa mjini, Bwana Aftab, lililopita barabarani wakati ule. Walipona. Recheli hakufika hospitali akiwa hai.

Alizikwa kesho yake. Kwaya ya Kanisa la Moravian iliimba, sauti zikikatika njiani. Levina alisimama nyuma kabisa, amejifunika khanga mpaka puani, na hakuna aliyemsogelea. Alipokwenda kumpa mkono Martha, wanawake waliokaa naye walijisogeza pamoja wakaziba nafasi. Levina akageuka.

Shule ilifungwa wiki nzima. Ilipokaribia kufunguliwa, ukaitwa mkutano wa wazazi. Watu waliketi kwenye madawati yaliyotolewa nje, na waliokosa madawati wakasimama. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Masele, alianza kwa kusema kwamba radi ni kazi ya Mungu. Mguno uliopita pale ulimwonyesha kwamba watu hawakuja kusikia hilo. Wengi wao walilelewa wakijua kwamba radi haishuki bure. Hutumwa, na anayeituma huwa na jina.

Amon alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akitengeneza madawati ya shule yanapovunjika.

“Mimi sina maneno mengi,” alisema. “Namuuliza mwalimu jambo moja. Ulipowaambia watoto wafumbe macho, ulikuwa unamwita nani?”

“Sikuwa namwita mtu, baba,” Levina alijibu, na sauti yake ilimtoka kama ya mtoto. “Nilikuwa nawatuliza.”

“Haya,” Amon alisema. “Mmoja ametulia.”

Akakaa. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Mtu alitaka Levina afukuzwe siku ile ile, mwingine akataka chumba chake kipekuliwe, bibi mmoja akasema kwa Kinyamwezi jambo lililowafanya walio karibu naye watazame chini. Wenceslaus alisimama mbele ya Levina, akanyoosha mikono miwili, mzee aliyekaribia kustaafu, suti yake ya kijivu imefifia mabegani. Alisema mwalimu wa kuziba nafasi hayupo, na akipatikana hatafika mwaka huu. Mwishowe mzee Masele akaamua: Levina abaki kwa sasa, lakini ile shughuli ya kufumba macho isifanywe tena, kamwe, na mtu yeyote, katika shule ile.

Levina alikubali. Angekubali lolote.

Hakuna aliyekuwa amefikiria watoto wenyewe watakuwaje. Siku ya kwanza walikataa kuingia darasani. Walipewa chumba kingine, wakaingia, lakini hawakukaa. Walisimama wakitazama mabati. Mchana ngurumo ililia mbali sana, huenda ilikuwa huko Sikonge, na darasa zima likalipuka. Walipanda juu ya madawati, wakakanyagana mlangoni, wakatoka mbio wakipiga mayowe kwenye mvua iliyoanza kudondoka, wakavuka uwanja, wakaivuka barabara, na walipofika kwenye ile miembe ya misafara wakajibanza chini yake, wamekumbatia mashina.

Levina aliwafuata akipiga kelele mpaka koo likauma. Alijua, kama kila mtu aliyekulia kwenye mvua za nchi ile anavyojua, kwamba pale ndipo mahali pabaya kuliko pote. Miti mirefu kuliko vyote vilivyoizunguka, kando ya barabara. Watoto zaidi ya tisini chini yake. Aliwavuta wawili, wakamponyoka. Alivuta wengine, wakamng'ata. Wingu lilipita bila kupiga. Alikaa kwenye matope.

Ilitokea tena kesho yake, na keshokutwa. Wenceslaus alijaribu kuufunga mlango kwa kufuli. Levina alibaki ndani nao. Ngurumo ilipolia watoto waliuvamia mlango, wale wa mbele wakabanwa kwenye mbao na wale wa nyuma, na Kabula, yule aliyekaa na Recheli, aliukwangua mlango kwa kucha mpaka vidole vikatoka damu. Kabula alikuwa mtoto aliyepewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati wa mvua. “Fungua!” Levina alimpigia kelele Wenceslaus aliyekuwa nje. “Mwalimu, fungua, watauana!” Mzee yule alifungua, nao wakapita juu ya miguu yake wakaenda kwenye miembe.

Kufuli halikutumika tena. Wazazi wengine waliacha kuwaleta watoto. Wengine waliwaleta na kuondoka haraka, kwa sababu shambani kulikuwa na kazi na nyumbani hakuna wa kubaki nao. Kila mchana wingu lilipanda.

Chumbani kwake Levina alijaribu kutulia yeye mwenyewe. Aliweka mkono tumboni, akafumba macho. Weupe ulikuwa unamsubiri nyuma ya kope. Alifumbua. Alijaribu tena. Pumzi iliingia nusu, ikakwama, na moyo ukaanza kwenda mbio hadi akatoka nje na kuishika nguzo ya baraza. Kitu pekee alichokuwa nacho, kile kilichomfanya awe mwalimu, kilikuwa kimegeuka.

Hata hivyo alivunja ahadi. Hakujua lingine la kufanya. Asubuhi moja wingu lilipanda mapema, na watoto wakaanza kugeuza vichwa kuelekea mlangoni kama kuku waliosikia mwewe. Levina alisimama mbele akasema kwa sauti ya chini, “Wanangu, tukumbuke. Mikono tumboni. Tufumbe—”

Mayowe yaliyopigwa yalimrudisha nyuma. Hayakuwa ya ngurumo. Ngurumo haikuwa imelia. Walikuwa wakimpigia yeye. Kabula alisimama juu ya dawati, vidole vyake vimefungwa vitambaa, macho yamemtoka.

“Usitufumbe!” alilia. “Usitufumbe! Ulisema! Ulisema tukitulia hakuna kitu!”

Wakakimbia. Safari hii walimkimbia Levina.

Habari zilifika kila nyumba kabla ya jua kuzama. Wenceslaus alimwita ofisini, akafunga mlango, akakaa akizigeuzageuza funguo zake mezani.

“Binti yangu,” alisema mwishowe, “safari hii sitaweza kukukinga. Wakija, watakuja na hasira. Nenda kwenu Bukene. Panda treni ya Mwanza, kaa kwa wazazi. Nitasema unaumwa.”

“Na watoto, mwalimu?”

“Watoto?” Mzee alijifuta uso kwa kiganja. “Mvua zitakata mwezi wa nne.”

Alisema hivyo, wakatazamana, na wote wawili walijua mwezi wa nne uko mbali kiasi gani.

Levina alifungasha vitu vyake. Lakini hakuweza kuondoka bila kupita kwa Martha. Tangu msiba hakuwa amepata ujasiri wa kukanyaga pale. Alikwenda asubuhi, mkoba begani. Alimkuta Martha uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua mbegu za karanga za kupanda. Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi peke yake, macho yakiwa kwingine.

“Hodi, mama.” Alitaka kusema mama Recheli, jina likamkwama.

Martha alimtazama. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Levina alikaa chini kwenye udongo, nje ya mkeka.

“Nimekuja kukuaga,” alisema. “Na kukuomba—”

“Ngoja,” Martha alisema. “Kabla hujaomba. Kuna kitu nataka kukijua, na hakuna mwingine wa kuniambia. Mwanangu alikuwa anafanya nini?”

“Alikuwa ameweka mkono tumboni.”

“Macho amefumba?”

“Moja. Lingine alikuwa analiacha wazi. Kila siku alikuwa anachungulia. Nilikuwa namwona, namwacha.”

Kitu kilipita usoni mwa Martha, karibu kicheko, kisha uso ukavunjika. Alijifunika kwa upande wa khanga. Levina hakujua kama aende au akae. Alikaa. Ilichukua muda mrefu mpaka yule mama akaifuta pua yake na kuishusha khanga.

“Alikuwa anaogopa?”

“Ndiyo,” Levina alisema. Angeweza kusema hapana. “Alikuwa anaogopa. Wote walikuwa wanaogopa. Nikawaambia wakitulia hakuna kitu kitakachowapata.”

“Uliwaambia hivyo.”

“Niliwaambia.”

“Nani alikupa madaraka ya kuahidi hivyo?” Martha hakupandisha sauti. “Hata mchungaji haahidi hivyo. Mimi niliyemzaa sikuwahi kumwambia hivyo.”

Levina aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia magoti. “Nisamehe, mama.”

“Sijakusamehe,” Martha alisema. “Labda nitakusamehe, labda sitaweza, hilo niachie mimi. Lakini unakwenda wapi na huo mkoba?”

“Bukene. Nyumbani.”

“Ukae kwenu. Na hawa?” Alinyoosha mkono wenye vumbi la karanga kuelekea barabarani. “Wanapita hapa kwangu, mwalimu. Kila wingu likipanda nawasikia wanakuja wanalia, wanapita hapo kwenye uzio, wanakwenda kusimama chini ya miembe. Nasimama hapa nahesabu vichwa vyao kama vile namtafuta mmoja. Siku itapiga pale. Unajua itapiga. Utakuwa uko kwenu, utaambiwa kwa simu.”

“Hawanitaki. Nikifungua mdomo wanapiga mayowe.”

“Kwa sababu uliwadanganya,” Martha alisema. “Watoto hawa uliwapa uongo, wakaushika kwa mikono miwili. Nenda ukauchukue.”

Levina alirudi shuleni na mkoba wake begani. Alimkuta Wenceslaus akimtafutia nauli, akamwambia haendi.

“Unataka kufanya nini?” mzee aliuliza.

“Sitawafumbisha macho. Macho yatabaki wazi. Mlango pia.”

“Na wakikimbia?”

“Watakimbia, mwalimu. Ninakuomba usimame barabarani.”

Wenceslaus alivua koti la suti, akalitundika nyuma ya kiti.

Darasani watoto walipomwona walinyanyuka nusu. Levina hakwenda mbele kwenye ubao. Alianza kuvuta madawati, moja baada ya jingine, akiyasogeza katikati, mbali na madirisha na kuta, mpaka watoto wa kiume wenye nguvu wakaanza kumsaidia bila kuambiwa. Alipomaliza alikaa katikati yao, kwenye dawati dogo, magoti yamempanda kifuani.

“Nina jambo la kuwaambia,” alisema. “Niliwaambia mkitulia hakuna kitu kitakachowapata. Haikuwa kweli. Kutulia hakuzuii radi. Recheli alitulia, na radi ikampiga. Hakukosea kitu. Nyinyi hamkukosea kitu. Mimi ndiye niliyesema jambo nisilolijua.”

Mtoto mmoja alianza kulia taratibu.

“Kwa hiyo itatupiga?” Kabula aliuliza.

“Sijui, Kabula. Ninachojua ni hiki: hapa katikati ni salama kuliko dirishani, na humu ndani ni salama kuliko chini ya miembe. Mti mrefu radi inaupenda. Humu ndani siyo salama kabisa. Ni salama kuliko kule.”

“Na wewe unaogopa?”

“Sana,” Levina alisema, akanyoosha mikono yake mbele ili waione. Ilikuwa ikitetemeka. Watoto waliitazama. Wengine walinyoosha ya kwao, ikatetemeka vilevile, na mmoja akacheka kicheko kifupi cha woga.

Wingu lilikuja mchana. Giza lilipoingia darasani Levina hakuwaambia wanyamaze. Aliwaambia washikane, kila mmoja amshike jirani, waangalie popote wanapotaka, na wataje kwa sauti kila wanachokisikia. Mwanzoni ni yeye peke yake aliyekuwa akitaja. “Nasikia upepo. Nasikia bati lile lililolegea. Nasikia mtoto analia.” Kisha sauti nyembamba nyuma ikasema, “Nasikia mbuzi.” Nyingine ikasema, “Nasikia tumbo langu.”

Ngurumo ililia. Mayowe yalikata chumba, na kundi zima la karibu na mlango likatoka mbio. Levina alisimama, miguu ikitaka kuwafuata, kisha akaona waliobaki, wengi, wamekamatana wakimtazama kama atatoka. Alikaa. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya, kukaa pale huku wengine wako nje.

“Nasikia mvua imefika,” alisema, na sauti yake haikuwa imara. “Taja, Kabula. Unasikia nini?”

Kabula alikuwa amejikunja chini ya dawati, ameishika sketi ya Levina kwa mikono yote miwili, vitambaa vya vidoleni vimelowa mate kwa kuving'ata. Radi ilimulika, chumba kikawa cheupe, na kila mtoto akapiga yowe, na Levina naye akapiga. Hakujizuia. Kishindo kilikuja nyuma, kikatikisa mabati, kikapita. Wote walikuwa hai. Walitazamana kwa mshangao, nyuso zimelowa makamasi na machozi, na chini ya dawati moja mkojo ulikuwa ukitiririka sakafuni. Hakuna aliyecheka.

“Nasikia pumzi yako, mwalimu,” Kabula alisema kutoka chini. “Inakwenda mbio.”

“Inakwenda mbio kweli,” Levina alisema. “Yako je?”

Mtoto alisikiliza.

“Na yangu.”

Basi wakazisikiliza hizo mbili, zikienda mbio, macho wazi. Wengine wakasikiliza za kwao. Hazikupungua kwa muda mrefu. Ilinguruma tena, wakalia tena, wakataja tena. Ilikuwa hivyo mpaka mvua ikaanza kulegea.

Wenceslaus alikuja mlangoni maji yakimchuruzika, amembeba mtoto mmoja mgongoni na kuwaswaga wengine mbele yake. Shati lilikuwa limemganda mwilini. Nyuma yake alikuwa Martha. Yeye alikuwa amesimama barabarani mbele ya miembe mvua nzima, jembe mkononi, akiwarudisha watoto kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Alitazama ndani ya darasa. Aliwatazama waliojikusanya katikati, kisha akaitazama nafasi tupu upande wa dirisha. Hakuingia. Alikamua khanga yake, akaondoka.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kila mchana wa mvua watoto walilia, na kila mchana baadhi walikimbia, ingawa kadiri siku zilivyopita walikuwa wachache. Familia kadhaa ziliwahamishia watoto shule nyingine. Mzee Masele alikuja kuchungulia, akakuta macho wazi na mdomo wa kila mtoto ukitaja kitu, akashindwa kuamua kama hilo nalo limekatazwa. Kuna nyumba ambazo mpaka leo hazimwitikii Levina salamu. Yeye mwenyewe alikonda. Wingu likipanda, jasho lilimtoka kabla ya watoto kulia. Kifaa cha kuzuia radi kiliombwa, kikaahidiwa, kikasubiriwa.

Januari shule zilipofunguliwa, mvua zilikuwa bado zimepamba moto. Mwalimu wa Darasa la Kwanza alikuwa amehamishwa, na Wenceslaus akampa Levina darasa hilo. Darasa la Kwanza lilikuwa moja tu, bila mkondo mwingine wa kuchagua. Siku ya kuandikisha, Amon alikuja akimshika mkono mdogo wake Recheli, Eliya, aliyetimiza umri. Levina alisimama mlangoni. Alimwamkia. Amon hakuitikia. Alipita kando yake akaingia ndani, akatazama kuta, madirisha na dari, akachagua dawati moja, akalikokota mpaka katikati kabisa ya chumba. Alilitikisa kuona kama linayumba. Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Alichomoa nyundo kwenye mkoba wake, akapiga msumari, akalitikisa tena. Kisha akamkalisha mwanawe hapo na kutoka, huku upande wa magharibi wingu likianza kupanda.